Jini Mwenye Kitambi

Kuna wanaume wanakaa barazani kulalamika kwamba wake zao wamezidisha vitenge. Nawaonea wivu. Kitenge kinakunjwa, kinaingia kabatini, kabati linafungwa. Mke wangu mimi anapenda mizimu, na wa kwanza aliyemnunua ana urefu wa futi 12.

Tuelewane kwanza. Mama Zuhura ni mzaliwa wa Tanga, Ngamiani. Utotoni hakupita chini ya mbuyu baada ya magharibi hata ungembeba mgongoni. Tulipohamia huku California, mji wa Riverside, tuliishi salama mpaka siku wenzake wa kazini walipomwalika Disneyland, kule Anaheim, mwendo wa saa moja foleni ikiwa na huruma. Aliondoka nesi, akarudi mhadhiri.

Kilichomteka ni Haunted Mansion, jumba la mizimu ambamo unapakiwa kwenye kigari cheusi kama kikombe kilicholazwa ubavu, unazungushwa gizani. Wenzake hupanda wakapiga kelele wakashuka. Yeye hupanda akasomesha. Kwa sababu yake najua kwamba jumba lile kwa nje lilikamilika 1963, likakaa tupu miaka sita, likafunguliwa tarehe 9 Agosti 1969. Najua kwamba kile chumba cha kuingilia, ambacho kuta zake zinarefuka mbele ya macho yako, ni lifti inayokushusha upite chini ya reli. Najua kwamba zile sanamu za vichwa zinazokugeukia kila unapokwenda hazigeuki popote. Nyuso zake zimebonyea kwa ndani, jicho ndilo linalodanganyika. Haya yote sikuuliza. Tarehe ya ndoa yetu, kwa taarifa yako, mwaka jana nilimkumbusha mimi.

Sasa ongeza watu wengine nyumbani. Kuna Zuhura, miaka 13, anayeona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Kuna mdogo wake tunayemwita Injinia, miaka minane, ambaye hakuna rimoti iliyopita mikononi mwake ikabaki na parafujo zake zote. Kuna Shemeji Kesho, mdogo wa mke wangu, aliyekuja kukaa wiki mbili mwaka juzi. Jina hilo alijipatia mwenyewe kwa jibu analotoa kila akiombwa kufanya kitu. Na Oktoba hii akatufikia mama mkwe kutoka Tanga. Mbele yake namwita mama. Nikiwa peke yangu gereji namwita Mheshimiwa Spika, maana akisimama yeye, wote tunakaa.

Nilijua atashtuka. Mwanamke anayetoka karibu na Mapango ya Amboni, mahali ambapo watu huingia kutambika kwa dhati, unamkaribishaje kwenye nyumba yenye kiunzi cha mifupa kilichosimama juu kuliko paa la kibaraza? Alishuka garini, akamtazama Bwana Mifupa kuanzia nyayo mpaka fuvu, akauliza, “Bei gani?” Nikamwambia karibu dola 300. Akaguna, akaingia ndani.

Kilichomkasirisha ni maboga. Aliyakuta saba yamepangwa ngazini, yametobolewa macho na meno, nyama yake imetupwa. “Boga zima mnalitoboa macho, futari hamna?” Wahenga walisema ukipenda boga upende na ua lake, kuhusu macho hawakuacha maelekezo. Lile la nane aliliokoa akalipika kwa nazi. Maboga haya ya kuchongwa ni ya maji matupu, hayana ladha, ila nilimaliza sahani mbili nikasifu, kwa sababu mimi ni mkwe.

Jumamosi tukampeleka Anaheim. Kigari kimoja tukabanana watatu, mimi katikati, mke wangu kushoto akihadhiri, mama mkwe kulia akivuta uradi kimyakimya. Mke akamtafsiria kwamba humo kuna mizimu 999, na imebaki nafasi moja ya kutimiza elfu. “Mpeni huyu,” akasema Spika, akinigusa kwa kiwiko. Mwishoni kuna vioo, ukijitazama unaona mzimu umekaa nawe garini. Mama mkwe alivuta mtandio wake, akauambia, “Sogea, mwenzangu, hapa tumebanana.” Tulipotoka juani akatoa hukumu: hajawahi kuona mizimu inayolipiwa kiingilio.

Zikabaki siku tatu kufika Halloween, tarehe 31, ambapo watoto wa mtaa mzima hupita mlango kwa mlango kudai pipi. Huku kwetu vuli huja na upepo wa Santa Ana, mkavu, unatoka jangwani ukishuka milimani kama umekopeshwa pesa na kila mtu. Shemeji alikuwa ameombwa amfunge Bwana Mifupa kamba za uhakika. Umeshajua alijibu nini.

Upepo ulifika kabla ya kesho. Saa tisa usiku tukasikia kishindo. Na hapa nikuombe usikilize kama mwanamume mwenzangu: gari langu lilikuwa nje kwa sababu mwaka mzima Bwana Mifupa hulala gereji, kwa vipande, kwenye maboksi manne. Alipotoka yeye, nafasi ikachukuliwa na maboksi yake. Basi aliangukia gari. Kiwiko kiliingia kioo cha mbele, fuvu likabingirika mpaka kwa jirani. Asubuhi nilimpigia simu wakala wa bima nikamweleza kwamba nimeangukiwa na mifupa. Akaniuliza mifupa ya nani.

Nilidhani tumepona. Mke wangu alikunywa chai, akanyamaza, halafu akaanza kuitazama meza ya kulia, ile yenye kioo juu.

Ndani ya lile jumba, alinikumbusha, kuna ukumbi ambamo mizimu inacheza dansi na unaona viti kupitia miili yao. Ni kioo kikubwa tu. Wanasesere wamefichwa juu na chini ya njia, wanamulikwa taa, wewe unaona taswira zao kwenye kioo ukidhani wako ukumbini. Mchezo huo Profesa Pepper aliuonyesha London mwaka 1862. “Baba Zuhura, kioo tunacho. Taa tunayo.” Akanitazama. Nikajua ile nafasi ya elfu imepata mtu.

Tukasimamisha kioo cha meza mshazari nyuma ya dirisha la sebuleni. Ndani zaidi tukaweka kiti kitupu. Pembeni, kwenye korido tuliyoifunika shuka nyeusi, nikakalishwa kwenye stuli, nimevaa kanzu yangu ya harusi, uso umepakwa unga wa muhogo. Zuhura alishika swichi ya kuongeza na kupunguza mwanga. Akipandisha taa, aliye nje dirishani anaona mtu mweupe amejitokeza kitini, na mito ya kiti inaonekana kupitia kifua chake. Akishusha, hayupo. Wallahi, inafanya kazi. Kwenye majaribio mama mkwe alisimama nje, akatazama kwa makini, akatoa kauli moja: “Mbona jini lina kitambi?”

Usiku wenyewe mashine ya moshi haikuwaka, kwa kuwa Injinia alikuwa ameshaikagua. Mama mkwe akaleta chetezo chake na ubani. Kengele ya moshi ikalia nyumba nzima, na watoto nje wakapiga makofi. Mimi ninatokea, ninapotea, ninatokea. Kufika saa mbili sikuwa nimekula tangu mchana, na kutoka jikoni harufu ya sambusa ilikuwa inanijia moja kwa moja.

Kumbe Spika ana huruma. Alikuja koridoni na sahani, bila kujua kwamba Zuhura amepandisha taa mpaka mwisho. Nje, watoto kama 15 na wazazi wao wakaona mzimu wa pili, mwanamke mwenye mtandio mweupe, anatokea hewani na kumwinamia yule wa kwanza. “Kula, baba, usije ukafa kweli.” Nikala. Ningefanyaje? Sambusa iko mkononi, ya moto. Katoto kamoja kakapaza sauti kwamba jini linatafuna, baba yake akainua simu akaanza kurekodi, na Zuhura, mwanangu wa kumzaa, badala ya kushusha taa alikuwa amekaa chini anacheka machozi.

Foleni ilifika kona ya mtaa. Watu walirudi mara mbili kuangalia mzimu ukila. Nilikula sambusa 11.

Asubuhi nilitoka kupeleka takataka. Kale katoto kalikuwa kanapita na baiskeli. Kakasimama, kakanitazama tumboni muda mrefu, kakaniuliza kama zimebaki.

Juzi nimemkuta mama mkwe sebuleni na futi ya ushonaji shingoni, mke wangu akiandika. Wakaniambia ninyooshe mikono. Kanzu ya mwakani, alisema Spika akinizungushia futi tumboni, iachiwe nafasi hapa mbele.