Kofia ya Chungwa

"Joto lote hili la Dar, kofia ya uzi ya nini?"

Swali hilo limeulizwa kijiweni kwetu, Kiwalani Bombom, Jumamosi asubuhi, kahawa haijamaliza hata mzunguko wa kwanza. Ng'ambo ya njia, barazani, kina mama wa jumuiya wamekaa mkekani, kila mmoja na kroshia yake, wanafuma vikofia na soksi za kupeleka wodi ya watoto njiti. Na mzee mwenzetu, kete ya drafti mkononi, anasema wamekosa kazi. Nilisonya mpaka muuza kahawa akageuka.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 joto la Dar halimsaidii kitu, mzee wangu. Chini ya ngozi hana mafuta, ngozi yenyewe nyembamba mpaka mishipa unaiona, na kichwa ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake. Joto linamtorokea huko. Sisi tunajipepea na gazeti, yeye anapoa. Akishuka chini ya nyuzi 36.5, ile nguvu ya kunyonya na kukua inakwenda kutafuta joto.

Haya yamepita nyumbani kwangu. Mpwa wangu alijifungua mimba ya miezi saba, usiku, hospitali moja hapa mjini. Nesi akasema leteni kofia. Kulipokucha tukazunguka madukani. Iliyokuwa ndogo kuliko zote ilimfunika mtoto hadi kidevuni. Dada yangu, ndiye bibi wa mtoto, akanunua soksi, akaikata kwenye kisigino, akapiga fundo juu. Ndiyo ikawa kofia. Mtoto yupo, anasoma darasa la pili. Ila soksi ile sijaisahau, na mtu akiwacheka hawa wanaofuma, moyo unaniuma kweli.

Na ufundi si wa kuletewa. Nani hapa hakukulia kwenye sebule iliyovishwa vitambaa vya kufuma, kochi limevaa, redio imevaa, hata jagi la maji lina kitambaa chake chenye shanga pembeni? Kuanzia huku mpaka Vingunguti mikono hiyo imejaa. Kilichobadilika ni uzi tu: ule wa makochi unakwaruza, kwa hiyo wanafuata uzi laini wa pamba Kariakoo. Kifungo hawaweki, kamba hawaweki, wala kile kishada cha utosini, maana kwa mtoto mdogo vile chochote kinachoning'inia ni hatari. Wakimaliza wanafua, wanaanika juani, wanafunga mfukoni.

Kofia peke yake haitoshi, na wao wanalijua hilo kuliko sisi. Kazi kubwa anaifanya mama kwa kifua chake: mtoto analazwa ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, soksi miguuni, nepi, kisha khanga inawafunga wote wawili. Kangaruu, ndivyo wanavyoita. Madaktari wa Bogotá kule Colombia waliianzisha 1978, watoto wakiwa wamezidi mashine za joto. Utafiti uliotolewa 2021, uliofanyika nchi tano na Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba mtoto akiwekwa kifuani mara tu anapozaliwa, badala ya kusubiriwa kwanza atulie, vifo vinapungua kwa robo. Robo, jamani! Na baba naye ana kifua. Niliposema hilo kete zikatulia ubaoni.

Kijana mmoja wa bodaboda akamtaja Doris Mollel, ambaye wengine tulimjulia kwenye mashindano ya urembo. Alizaliwa na gramu 900. Kilo ya sukari inamzidi. Tangu 2015 taasisi yake inahangaika na vifaa vya wodi za njiti.

Wanaoniudhi mimi ni wale wanaofika wodini na boksi moja la sabuni na kamera tatu. Mama kifua wazi, mwanawe amelala juu yake, anaambiwa atabasamu! Hawa wa hapa kwetu wanamkabidhi nesi wa zamu mfuko mlangoni, wanageuka kutafuta daladala.

Basi, tukiwa kwenye ubishi huo, mama mmoja akavuka njia na kofia mkononi, ya njano, haijakatwa uzi. Akaenda moja kwa moja kwenye sinia la muuza machungwa, akaomba moja, akalivisha. Likaingia sawasawa. Akatuambia ndivyo wanavyopima, chungwa kubwa la Muheza ni kichwa cha mtoto wa kilo moja na kidogo. Mzee wetu akalipokea, akaligeuza geuza, akalishika kwa mikono miwili.

Muuza machungwa akapekua sinia, akatoa jingine, dogo.

"Na wa hivi, mama, wapo?"

Akalitazama. "Wapo, mwanangu." Akarudi mkekani nalo.