Mtwara Kuchele, Wachekeshaji Amkeni: Mambo Tisa, Tukihesabu Kinyumenyume

Februari 2025 wachekeshaji wa nchi hii walipewa tuzo zao Dar es Salaam, na Rais Samia Suluhu Hassan ndiye aliyekuwa mgeni rasmi. Kijana wa Chikongola, Mikindani au Msimbati aliyeona picha zile anajiuliza: mimi naanzia wapi? Jibu langu ni moja: anzia hapo hapo ulipo. Kusini kumechekwa vya kutosha na watu wa mbali. Zamu imefika watu wa kusini washike maiki wenyewe.

9. Basi la Dar lisubiri

Najua. Begi limefungwa, nauli umeshakopa kwa shangazi, na tangu juzi umejiandika "mchekeshaji wa kimataifa" kwenye Instagram. Teremka kwanza, mdogo wangu. Dar kuna Cheka Tu ya Coy Mzungu, na ni jukwaa zuri, lakini foleni ni ndefu na mgeni hapewi muda wa kujitafuta. Ukienda na kichekesho ulichokinyaka mtandaoni, umewapelekea chumvi watu wa Mikindani. Nenda na dakika kumi ambazo tayari zimewachekesha watu wasiokudai wala kukupenda. Mama yako akicheka haihesabiwi. Mama amekucheka tangu ulipoanza kutambaa.

8. Fanyia mazoezi pantoni

Wanaovuka kwenda Msangamkuu hawana pa kukimbilia mpaka chombo kifunge ng'ambo. Ukumbi gani mwingine una masharti mazuri hivyo? Pima pale, pima kijiwe cha kahawa, pima kwa wauza samaki Feri, ambako mama mwenye ndoo ya dagaa atakujibu kabla hujamaliza sentensi. Usisimame ukatangaza kwamba unachekesha. Simulia tu, kama habari ya kawaida, halafu uangalie watu wanacheka wapi. Mara nyingi si pale ulipopapanga wewe. Rudi nyumbani ukapaandike.

7. Fuata msimu

Mchekeshaji wa Mtwara ana kalenda ambayo wa Dar hana. Minada ya korosho inaanza Oktoba, malipo yanaingia kupitia vyama vya msingi, na sherehe zinafuata: harusi, kumtoa mwari, watoto kurudi kutoka jando. Kila sherehe inataka mshehereshaji. Hapo ndipo utakapokula wakati dakika zako kumi zinakomaa. U-MC unafundisha jambo gumu kuliko yote, kushika watu wenye njaa wanaosubiri pilau. Patana bei mapema, chukua kianzio, na bei iwe ya fedha. Pilau ni ukarimu, tunashukuru, lakini mwenye nyumba unayopanga hapokei pilau mwisho wa mwezi.

6. Redio ipo, gonga mlango

Enzi za Radio Tanzania, Pwagu na Pwaguzi walichekesha nchi nzima kwa sauti mbili tu, hakuna aliyeona nguo zao. Mtwara ina redio zake, Safari FM na Jamii FM miongoni mwake, na redio ya mkoani kila siku ina saa za kujaza. Peleka vipande vitatu vya dakika mbili mbili, vimerekodiwa, vimekamilika. Usipeleke wazo. Mawazo yapo mengi studio, yamejaa mpaka kwenye droo.

5. Simu: sauti kwanza, sura baadaye

Watu watavumilia picha yenye ukungu. Sauti isiyosikika hawaivumilii. Upepo wa ufukwe wa Shangani ni mtamu kwa mapumziko lakini unakula maneno, kwa hiyo ingia chumbani, tundika kanga ukutani, rekodi. Na uwe mfupi. Mtazamaji analipia bando, usimtoze salamu za ukoo.

4. Karatasi

Hapa wengi hupiga miayo, nami nawaomba mkae. BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, ndilo linalosajili wasanii. Ukitengeneza filamu au mchezo wa kuonyesha hadharani, Bodi ya Filamu inakuhusu. Maandishi na rekodi zako zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ili siku kichekesho chako kikionekana kwenye tangazo la mtu uwe na cha kushika mkononi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazosimamiwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, zisome mwenyewe, usisubiri kuhadithiwa. Oktoba 2019 Idris Sultan, mshindi wa Big Brother Africa wa mwaka 2014, aliishia kuhojiwa na polisi kwa sababu ya picha ambamo sura yake na ya Rais John Magufuli zilibadilishana. Siwaambii muogope. Nataka mjue mpaka uko wapi, ili mkiusogelea iwe ni kwa kuamua.

Na kuna fedha. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha wachekeshaji wanaotaka spika mbili na taa kiende kwa afisa maendeleo ya jamii na mchanganuo unaoeleweka. Ukiandika "tunaomba tuchekeshe wananchi", afisa atacheka, mkopo hautatoka. Andika mtalipisha kiingilio gani, mara ngapi kwa mwezi, na deni litalipwa vipi.

3. Kaa miguuni pa wazee wa mapiko

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo utajiri wetu ulipo.

Wengine wanasema uchekeshaji wa jukwaani umetoka Marekani. Wamakonde walikuwa na jukwaa lao zamani. Mchezaji wa ngoma ya mapiko huvaa kinyago kichwani, mwili wote umefunikwa, na anaingia uwanjani akiwa mtu mwingine: mzee mwenye maringo, askari wa mkoloni, mgeni asiyejua mila. Haongei. Anamwigiza huyo mtu kwa bega, kwa kiuno, kwa namna ya kusimama. Wapiga ngoma wanamfuata, naye anawafuata, na hatua yake ya mwisho inaangukia juu ya pigo la mwisho. Uwanja unalipuka.

Katazame mara ya pili, safari hii usimtazame mchezaji, tazama miguu yake na mikono ya mpiga ngoma. Utaona kwamba kabla ya pigo la mwisho kuna kusita kidogo sana. Watu wanavuta pumzi pale. Kusita huko ndiko wachekeshaji wengi wachanga hawana. Wanamwaga maneno kama mtu anayewahi daladala, kilele kinapita na hakuna aliyekiona. Na kikishapita, kijana anaanza kueleza! "Yaani nilimaanisha kwamba..." Baba, kikieleweka kwa maelezo kimeshakufa, kizike.

Wanawake nao wana shule yao. Kwenye unyago kuna akina mama wanaoigiza waume wavivu, mawifi na majirani kwa ustadi ambao televisheni bado haijaufikia. Wadada wa Mtwara wanaosita kupanda jukwaani kwa kuambiwa kuchekesha ni kazi ya wanaume wamuulize nyakanga yeyote. Bi Chau alisimama bega kwa bega na mchekeshaji Mzee Small, na kila aliyewaona anajua hakuwa msindikizaji. Sharti langu ni moja: siri za unyago na jando zibaki kule kule. Chukua ufundi, acha mafundisho. Kichekesho kinachomvua nguo bibi yako hadharani hakina bei inayotosha.

Mwaka 2008 Mtwara ilianzisha tamasha la MaKuYa la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, kwa hiyo kuzikusanya sanaa zetu mahali pamoja si ndoto. Anayetaka kusomea kazi hii darasani, TaSUBa ya Bagamoyo inapokea, na ina historia tangu 1981 ilipokuwa Chuo cha Sanaa.

2. Mmakonde wa kichekesho ni wako, mchukue

Kila Mtanzania amewahi kumsikia Mmakonde wa kuigizwa: lafudhi imezidishwa mara tatu, chale usoni zimechorwa na wanja, na ni mshamba tangu dakika ya kwanza mpaka ya mwisho. Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera ni watani, tunachekana hata msibani, na hilo ni jambo la heshima kwetu. Lakini utani una pande mbili. Mtani akinipiga, namrudishia. Anayetuigiza kwenye kamera hapigwi na mtu yeyote, kwa hiyo anachofanya si utani.

Tazama mfano huu nilioutunga kwa ajili ya somo. Mchekeshaji wa mbali atasema: mkulima wa korosho amelipwa, kanunua friji, kijijini hakuna umeme, friji amelifanya kabati la nguo. Watu wanacheka, mkulima amebaki mjinga, basi.

Sasa simulia wewe, mpwa wake. "Mjomba kauza korosho, kanunua friji. Nikamwambia, mjomba, kwako hakuna umeme, friji la nini? Akanitazama kutoka juu mpaka chini. Akaniambia: wewe umeme unao. Friji lako liko wapi?"

Ona kilichotokea. Habari ni ile ile, friji ni lile lile, lakini mjomba ameshinda, na aliyepigwa ni msomi wa mjini aliyejaa maneno na chumba kitupu. Ukumbi wa Tandahimba utacheka kwa sababu wanamjua mjomba. Ukumbi wa Masaki kule Dar utacheka kwa sababu wanamjua mpwa. Na neno la mwisho ni "wapi". Baada ya hapo usiongeze hata "jamani". Funga mdomo, wape nafasi.

Mwanamuziki Harmonize alitoka Chitoholi, Tandahimba, akajiita Konde Boy na lebo yake akaipa jina la Konde. Ambalo wengine wangelificha ndilo alilolibandika kwenye mabango. Mchekeshaji wa kusini anayejikamua azungumze kama wa Masaki anaacha silaha nyumbani.

Na habari zimejaa, hazina wenyewe. Waingereza walileta mpango wa karanga mwaka 1947, wakajenga reli kutoka Mtwara kuelekea Nachingwea, na kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa: reli ilikuwepo, karanga hazikuwepo. Msimbati aliishi Mwingereza, Latham Leslie-Moore, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1950 aliitangaza sehemu hiyo kuwa nchi huru na yeye ndiye sultani, bendera juu, barua zikaenda Umoja wa Mataifa. Alijipa uhuru kabla ya Tanganyika kupata wake! Kule Kilambo abiria wa Msumbiji wanasubiri maji ya Ruvuma yajae ili chombo kipite, na katika kusubiri huko kuna mazungumzo ya lugha tatu ambayo hakuna mwandishi aliyekaa akayaandika. Nenda na daftari.

1. Fungueni jukwaa lenu

Joti, Masanja, Mpoki, Wakuvanga, Vengu na Mac Regan hawakutokea mmoja mmoja. Walikuwa kundi, wakaanza na Ze Comedy EATV, baadaye Orijino Komedi TBC1, na kila mmoja alikuwa na wahusika wake ambao mwenzake hakuwagusa. Tafuta wanne wa kuanzia. Wanachuo wa STEMMUCO na vyuo vya ualimu wanatafuta pa kwenda jioni. Ombeni ukumbi mdogo, au baa iliyopooza siku za katikati ya wiki, mwenye baa achukue vinywaji na ninyi mchukue kiingilio. Mdogo, nimesema: watu 40 kwenye chumba cha watu 40 wanacheka zaidi ya 40 hao hao wakitawanyika kwenye ukumbi wa 300. Viti visogezwe mbele. Kila mmoja dakika tano, na mwenzenu akae na saa na tochi, akimulika unashuka, hata kama kitamu ndiyo kwanza kinaanza. Ukumbi ukikauka usiulaumu, ushukuru, shuka, andika ulichosema na jinsi walivyonyamaza.

Tarehe ya kwanza iwekeni wiki moja baada ya malipo ya korosho kutoka. Na mkitangaza saa 2 usiku, anzeni saa 2 usiku. Atakayechelewa atahadithiwa na jirani, na wiki ijayo atakuwa wa kwanza mlangoni.