Marumaru Inayobisha Hodi

Nyumba tuliyopanga zamani ilikuwa na sakafu ya niru iliyotiwa rangi nyekundu. Ilikuwa sakafu inayojua kutunza siri. Uji ukimwagika, inanyamaza. Tope la masika likiingia, wekundu kwa wekundu wanajuana wenyewe. Hakuna aliyewahi kuiona ikiwa chafu wala, nikisema kweli, ikiwa safi.

Tulipojenga Kigamboni, nikatumwa Kariakoo kununua marumaru za sebuleni. Maagizo yalikuwa wazi: za kahawia, zenye madoadoa. Muuzaji akanipangusia moja nyeupe, sentimita 60 kwa 60, nikaiona sura yangu ndani yake, na siku hiyo nilikuwa nimenyoa. Basi, yakaisha. Sebule yetu ni mita 4 kwa 5, na boksi moja la marumaru 4 linafunika mita za mraba 1.44. Nikapiga hesabu kwenye simu: maboksi 14 kamili. Fundi akanishauri niongeze angalau boksi moja la akiba. Nikamwona ana lake jambo.

Mke wangu alizitazama zikishushwa garini, akasema kwa upole wa kutisha, "Aliyechagua nyeupe ndiye atakayedeki." Nikacheka. Huu ni mwaka wa nne nadeki kila Jumamosi.

Maji yetu ni ya kisima, na kisima chenyewe kina chumvi ya kutosha mchuzi wa mtaa mzima. Sakafu ikiwa mbichi inang'aa; ikikauka, inabaki na ukungu kama miguu ya mtoto aliyeoga asipake mafuta. Mimi nikaamini dawa ni kuzidisha sabuni. Nikamwaga nusu mfuko wa sabuni ya unga kwenye ndoo moja. Kumbe sabuni isiposuuzwa haiendi popote, inaganda juu kama utomvu na kukaribisha vumbi. Kandambili zikaanza kusema kila hatua, chwa, chwa, na mtoto wetu mdogo akikimbia anafika jikoni na moja, nyingine imebaki imenata sebuleni.

Nikahamia kwenye ndimu. Ukungu ulitoka, sikatai, maana ukali wa ndimu huyeyusha chokaa inayoachwa na maji ya kisima. Lakini kati ya marumaru na marumaru kuna grauti, grauti ni saruji, na saruji nayo ina chokaa yake. Ndimu haichagui. Jumamosi chache baadaye mistari ikaanza kuchimbika na kushika weusi. Sasa nilikuwa na sakafu nyeupe yenye kucha chafu.

Ndipo mama mkwe akatangaza kuja. Alipofika nilikuwa bado nimepiga magoti, jiki nimeshaimwaga sakafuni, na naona inakawia. Nikachukua ile dawa ya choo yenye tindikali, nikaimimina hapohapo juu ya jiki. Onyo la kutochanganya lilikuwepo kwenye kopo, kwa herufi nyembamba kama miguu ya sisimizi. Vitu hivyo viwili vikikutana hutoa gesi ya klorini, na klorini haina utani: macho, koo na kifua vyote vinashikwa kwa mkupuo. Nikapiga kelele watu watoke. Tukaacha milango na madirisha wazi, tukajipanga nje chini ya mwembe: mimi, mke wangu, watoto wawili, na mama mkwe ambaye hata baibui alikuwa hajavua. Wote tunafuta machozi kwa ncha za kanga, hakuna anayeweza kutamka neno likaeleweka.

Jirani akapita, akatuona. Akarudi kwake mbio, akaja amejitanda kanga kichwani.

"Poleni jamani. Ni nani?"

"Ni sakafu," nikamjibu kwa sauti iliyokwaruzwa.

Hakumjua marehemu, lakini akakaa chini na kuangua kilio. Robo saa haikupita, akina mama wakawa watano, vijana wanashusha viti vya plastiki, na mzee mmoja wa mtaani amenivuta pembeni ananinong'oneza: tunasafirisha au tunazika hapahapa? Nilijaribu kueleza, nikakohoa, akanipigapiga mgongoni akisema kazi ya Mungu haina makosa. Mke wangu ndiye aliyeanza kucheka, na baadhi ya waombolezaji hawajamsamehe mpaka leo. Daftari la michango lilikuwa limeshazunguka. Tulirudisha shilingi elfu kumi na mbili. Mama mkwe anashikilia kuwa aliiona kwa macho yake elfu kumi na tano.

Siku hizi nafagia kwanza, maana mchanga wa Kigamboni ukiburuzwa na dekio unakwaruza. Sabuni ya maji kifuniko kimoja, nasuuza kwa maji ya mvua tunayokinga kwenye pipa, nakausha kwa tambara. Nusu saa tu. Miaka mitatu ya mateso ilikuwa ya kujitakia.

Mwezi uliopita mchi ulimponyoka binti yetu, ukapasua marumaru moja. Akiba hakuna. Dukani nikapata ya jina lilelile, lakini ya toleo jingine. Imekaa katikati ya wenzake na mng'ao wake kama jino la bandia. Fundi alipomaliza kuibandika akapita akigonga nyingine kwa mpini wa mwiko: ko, ko, ko. Alipofika ile ya mlangoni, ikalia ndu.

"Bosi, hii ina hewa chini. Ulinibania saruji, nikaiwekea matonge matano tu, manne kwenye pembe na moja kati. Niibandue niijaze?"

Nikamwambia aibandue hata sasa hivi. Marumaru hiyo naijua. Nikirudi usiku kutoka kuangalia mpira, viatu mkononi, pumzi nimezibana, naikanyaga tu, ndu! Na kutoka chumbani inakuja sauti isiyo na usingizi hata chembe: "Karibu, baba watoto. Mechi ilikuwa ya nchi gani hiyo?"

Fundi akainua patasi.

"Hiyo iache, fundi," mke wangu akasema kutoka jikoni. "Hiyo ndiyo nzima peke yake."