Jinsi ya Kunyenyekea Bunagana Bila Kupoteza Cheo

Kwanza kabisa, usijiite. Mchungaji anayejiita Askofu huchekwa hata na watoto wa kwaya. Lakini anayeitwa Askofu na wengine, huku ameinamisha shingo kama aliyetwishwa gunia la viazi, huyo kanisa zima linainuka akiingia. Kwa hiyo mtafute kijana wa protokole mwenye sauti ya kupasua mabati. Mwachie maikrofoni atangaze: "Tumpokee Mtume, Nabii, Daktari, Papa wetu wa kiroho!" Wewe punga mkono kukataa, useme, "Hapana jamani, mimi ni mtumishi tu." Kisha kaa kwenye kile kiti chenye kitambaa cha kufuma, si cha plastiki, mbele ya chupa ya maji iliyofungwa karatasi laini shingoni. Biblia yako usiibebe. Kuna kijana wa kuibeba.

Shukuru pia kwa mahali Mungu alipokuweka. Bunagana ni mbili, moja ya Kongo na moja ya Uganda, katikati kizuizi. Pasta wa mji ulio mbali na mpaka akitaka kuandika "Kimataifa" kwenye bango lake, atauza shamba la mjomba apate tiketi ya ndege. Wewe vuka kwa miguu, unywe chai kwa shemeji, umwombee mtoto wake mwenye kikohozi, urudi. Huduma imeshakuwa ya kimataifa. Ukifanikiwa kupata cheti cha udaktari wa heshima huko ng'ambo, usikitangaze, maana kujisifu ni dhambi. Kitundike juu ya televisheni, mgeni asiweze kutazama habari bila kukisoma.

Sasa bango. Sheria ya Kongo ya mwaka 2001 kuhusu mashirika yasiyo ya faida inagusa na makanisa, na ndiko wengi wanakopatia "Mwakilishi wa Kisheria". Kwa serikali huyo ni mtu wa kutia sahihi kwenye makaratasi. Kwako wewe hicho ni cheo cha kiroho, tena kitangulie Mtume. Baada yake weka Mwanzilishi na Mwonaji. Hicho cha Mwanzilishi tumekirithi kwa Mobutu: mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifuta "Bwana" na "Bibi", kila Mzaire akawa sitwayeni, yaani raia, naye akabaki Rais-Mwanzilishi na Kiongozi. Usawa aliwaachia wengine, na ndivyo inavyofaa. Chini kabisa ya bango chapa "Mtumishi Asiyefaa". Kwa herufi kubwa, rangi ya dhahabu.

Siku moja muumini fulani, mara nyingi mama mzee anayekaa karibu na mlango, atafungua Mathayo 23, pale Yesu anapowakataza wanafunzi wake kuitwa Rabi, baba au kiongozi. Usimkemee. Mweleze kwa upole kwamba hapa Bunagana hakuna mtu anayeitwa Rabi. Akizidi kuuliza, mpandishe: kuanzia Jumapili ijayo yeye ni Mama Shemasi. Dawa hiyo hutuliza maswali mengi ya kitheolojia.

Ila kuna mifano ambayo usiiruhusu ifike madhabahuni. Bukavu kulikuwa na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, aliyeuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Watu walimwita Muzee, basi, na mpaka leo wanamtaja hivyo kwa machozi. Ni mfano mbaya sana kwa vijana. Kuna na wale maaskofu wapatao 40 waliokuwa Roma kwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano: tarehe 16 Novemba 1965 walisali katika makatakombe ya Domitila, wakaahidi kukataa kuitwa Mwadhama na Mhashamu, waitwe Padri tu. Hao angalau wako mbali. Kinachotisha zaidi ni Kabale, saa chache tu kwa gari kutoka kwenye kizuizi chetu. Mwaka 1935 Walokole walifanya huko mkutano mkubwa wa Uamsho, na katika Uamsho ule Mzungu wa misheni na Mwafrika wake waliungama dhambi mbele ya watu wote, wakaitana ndugu. Hebu fikiria. Ukishaungama kwamba ulikula sadaka ya mabati, yule kijana wa protokole atakutangaza vipi?

Onyo: vyeo havibebeki wakati wa kukimbia. Waasi wa M23 walipouteka mji huu tarehe 13 Juni 2022, maelfu walivuka kuingia Kisoro, wengi wakapokelewa kambini Nyakabande. Anayeandikisha wakimbizi huuliza jina, umri, na watu wa nyumbani mwako ni wangapi. Ukimjibu "Mtume", atakuuliza kama hilo ni jina la baba au la kwako. Kisha utapanga foleni ya maharage ukiwa na sahani yako mkononi, nyuma ya Mama Shemasi, ambaye aliwahi kufika kwa sababu hakuwa na bango la kukunja.

Zikirudi siku za amani, usishangae pasta wa jirani akijitawaza Askofu Mkuu. Usishindane naye, na usiende kuagiza bango refu kuliko lake. Hudhuria sherehe yake, ukae nyuma mpaka watu wa protokole waje kukubembeleza uhamie mbele. Ukipewa maikrofoni, mpongeze kwa moyo wote, mshike bega, umwite "mdogo wangu katika Bwana".