Hata Daraja Limefungwa Shokapu

Kubanwa kwenye daladala sina ugomvi nako. Kukanyagwa nimeshakubali, na kwapa la mwenzangu aliyeshika bomba juu ya pua yangu nalihesabu kuwa sehemu ya nauli. Ninachogombana nacho ni kudunda. Gari likipita tuta linatakiwa lipande, lishuke, litulie. Hili ninalopanda mimi likishavuka tuta linaendelea na shughuli hiyo hadi karibu na kituo kinachofuata, na sisi abiria tunaitikia kwa vichwa, utadhani tuko kwenye kikao na mwenyekiti anaongea vizuri.

Wenzangu huilaumu springi. Inaonewa bure. Springi inapokea pigo la tuta, inalitunza, kisha inalirudisha karibu lote, uaminifu ambao sijawahi kuuona kwa mtu niliyemkopesha. Shida yake haijui kuacha. Anayepaswa kuinyamazisha ni shokapu: bomba lenye mafuta, na ndani yake pistoni yenye vitundu vidogo. Gari likitaka kudunda, lazima mafuta yapenye kwenye vitundu hivyo, na mafuta hayapendi kuharakishwa. Basi nguvu yote ya kudunda inageuka joto na kupotea hewani. Ndiyo maana shokapu nzima, ikitoka kwenye njia mbovu, ukiigusa ni ya moto. Hizi zetu mafuta yalishavuja zamani. Yamebaki mabomba, nadhani kwa ajili ya kumwonyesha trafiki.

Na msiniambie tajiri wa gari hana hela. Kanunua taa za buluu. Kanunua spika ambayo besi yake inaanza kukutafuta ukiwa bado hujavuka barabara. Lakini shokapu iko chini huko, haiwaki, haiimbi, na hakuna abiria aliyewahi kuacha gari moja akakimbilia jingine kwa sababu ya shokapu. Nilipomgusia konda, alinijibu kwa upole: "Mzee wangu, si linatembea?"

Halafu kuna kioo cha dirisha langu. Gari likisimama kwenye foleni, kinapiga kelele hadi meno yanauma. Dereva akikanyaga mafuta kidogo, kimya! Akiachia, kinaanza tena. Sababu ni kwamba kila kitu kina mapigo yake, idadi ya kutikisika kwa sekunde ambayo kikiachiwa kitaichagua chenyewe. Ukikisukuma kwa mapigo hayo hayo, hata kwa nguvu ndogo, mtikisiko unajilimbikiza. Injini yetu, gari likiwa limesimama foleni, huangukia mapigo ya kioo kile barabara. Ndiyo maana huwa namwomba dereva akanyage mafuta wakati mbele hakuna pa kwenda, na abiria wananitazama wakidhani sina akili. Siku hizi nachomeka risiti ya umeme iliyokunjwa pembeni mwa kioo. Karatasi inasuguliwa, inameza mtikisiko, na mimi nimekuwa fundi wa gari la watu bila malipo.

Lami ikiisha, mambo ni mengine. Mnaijua ile barabara ya vumbi iliyojikunja mikunjo midogo midogo, mfululizo. Tukipata dereva mcha Mungu, anapunguza mwendo hadi kilomita 15 kwa saa ili asituumize. Chukua mikunjo iliyoachana sentimita 80: kwa mwendo huo unapigwa kama mara 5 kwa sekunde. Sasa, kiwiliwili cha binadamu aliyeketi kina mapigo yake pia, kati ya 4 na 8 hivi kwa sekunde. Yaani huruma ya dereva imetua palepale tumbo linapopenda kucheza. Yule mhuni anayepita mbio anatuvusha haraka kwenye mapigo hayo, na ndani ya gari kunatulia kidogo, ingawa tairi hazishiki barabara sawasawa na roho iko mkononi. Mtu achague tumbo au uhai.

Huko London walikuwa na jambo linalofanana na hili. Mwaka 2000, tarehe 10 Juni, walifungua daraja la waenda kwa miguu juu ya mto Thames, Millennium Bridge. Umati ukapanda, daraja likaanza kuyumba kushoto na kulia, kama mara moja kwa sekunde. Watu wakapanua miguu ili wasianguke, wakajikuta wanakanyaga kwa kufuata daraja, na kila walivyolifuata ndivyo walivyolizidishia. Tarehe 12 likafungwa. Likaja kufunguliwa tena Februari 2002, baada ya kutumia pauni milioni 5 hivi kwa vituliza mtikisiko, vikiwemo 37 vinavyofanya kazi ileile ya kusukuma kimiminika kwenye njia nyembamba.

Shokapu, jamani! Thelathini na saba, kwa daraja ambalo haliendi popote. Halina hata tuta.

Juzi kituoni, gari likiwa linasubiri abiria, nikafanya kile mafundi wanachofanya gereji. Nikakandamiza kona ya bampa kwa uzito wangu wote, nikaachia. Gari zima linatakiwa kupanda mara moja na kukaa. Hili likapanda, likashuka, likapanda, mama mmoja ndani akauliza kama tumeshaondoka. Konda akaja mbio.

"Mzee wangu, acha kusukuma. Leo betri ni nzima."