Simba Ni Wengi Huku, Ila Wote Wamechorwa

Mjomba,

Nisalimie Shangazi na wote wa Birikani, hapo Voi, wanaouliza nitarudi lini, na kama nitarudi na gari. Mimi mzima. Kazi ya kutunza wazee inaendelea, na baridi nayo inaendelea.

Juzi uliniuliza kwa simu kama Ujerumani kuna simba. Wapo tele, Mjomba, ila wako kwenye ngao, yaani nembo, za miji na vijiji. Simba wa huku husimama kwa miguu ya nyuma, ulimi nje, makucha mekundu, manyoya ya shingoni yamechanwa vizuri kuliko nywele za bibi harusi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumkeshesha mfugaji zizini. Sisi wenyewe tunajua kwamba madume wengi wa Tsavo hawana manyoya hayo. Wale wawili waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898 hawakuwa nayo, na ushahidi uko Chicago, kwenye jumba la makumbusho la Field, walikokaushwa na kusimamishwa. Wako ughaibuni tangu miaka ya 1920 na hawajatuma nyumbani hata senti. Shangazi akinilalamikia tena, mkumbushe hao.

Sasa nikueleze habari yenyewe. Ujerumani ina manispaa zaidi ya 10,000, na nyingine ni ndogo mno. Kuna moja inaitwa Dierfeld, ina wakazi wapatao kumi. Wote wangeingia kwenye matatu moja ya Wundanyi na makanga angeendelea kuita abiria. Hata hivyo, vijiji vidogo huku vinajiheshimu: kuwa na ngao na bendera yako ni jambo la kawaida kabisa. Bendera mara nyingi hutundikwa wima, ndefu na nyembamba. Ngao utaikuta kwenye gari la zimamoto na kwenye barua ya kukudai ada ya maji. Usijaribu kuichapa kwenye fulana uuze bila idhini. Ni mali ya manispaa, na watakuandikia barua nyingine.

Kuchora ngao nako kuna sheria. Kuna rangi, yaani nyekundu, bluu, kijani na nyeusi, halafu kuna madini, yaani dhahabu na fedha, ambayo huchorwa kwa manjano na nyeupe. Rangi haikai juu ya rangi, wala madini juu ya madini, ili ngao itambulike kwa mbali. Ukitaka mfano, tazama bendera yetu ya Kenya: milia ya nyeusi, nyekundu na kijani haigusani, kila mmoja umetengwa na utepe mweupe. Tulifundishwa shuleni kwamba weupe ule ni amani, na kumbe pia unazipatanisha rangi.

Ndani ya ngao kila mtu anaweka anachojivunia: ufunguo, gurudumu la kinu, mtakatifu, nusu ya tai. Garching, mji ulio karibu na Munich, umeweka kuba la kinu cha nyuklia cha utafiti kilichofunguliwa mwaka 1957. Katika miaka ya sitini na sabini serikali za majimbo ya Ujerumani Magharibi ziliunganisha manispaa, na manispaa hizo zikapungua kutoka kama 24,000 hadi kama 8,500. Walioozeshwa hivyo kwa nguvu walilazimika kutafuta ngao mpya, na wengi wakaigawa vipande ili kila upande uone chake. Ni ugomvi wa urithi, Mjomba, ila wa kutumia brashi.

Kisha kuna Coburg. Nilifika pale nikamkuta ndugu yetu: kichwa cha mtu mweusi, nywele za kipilipili, hereni sikioni, katikati ya ngao ya mji. Ni Mtakatifu Moris, yule askari anayesemekana alitoka Misri. Wanazi walimwondoa mwaka 1934 wakaweka upanga wenye swastika, na mwaka 1945 akarudishwa. Mwaka 2020 wengine walidai aondolewe tena, safari hii kwa sababu amechorwa kwa dharau. Mimi nilimkuta hata kwenye mifuniko ya mitaro, watu wanapita juu yake. Nikawaza: uso kama wangu uko kwenye ngao yao kwa karne nyingi, lakini vyeti vyangu bado vinahitaji mihuri mitatu.

Basi nimekuja na pendekezo. Kwetu Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti iwe na bendera, nembo na muhuri wake, visivyofanana na vya taifa. Hayo ni ya kaunti. Mimi nataka ngao ya Voi peke yake, ya kubandikwa kwenye lori la takataka.

Najua baraza la kuijadili litakavyokwenda. Mtaitisha watu wa Voi, na watakuja mpaka wa Taveta. Hao watataka ndizi na Ziwa Chala, nasi tutawaambia wachore nusu tu, nusu nyingine wakaiombe Tanzania. Mwatate wataleta mkonge. Wundanyi watadai kilele cha Vuria na mawingu yake. Kasigau watataka tsavoraiti, kile kito cha kijani kilichopewa jina la Tsavo na duka la Tiffany la New York katika miaka ya 1970. Ngao itajaa kabla chai haijaletwa.

Mimi nasema tembo mmoja, mwekundu kwa vumbi letu, juu ya nyeupe. Basi. Utainuka wewe mwenyewe uulize: tembo yupi, huyu aliyemaliza mahindi yangu? Takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti yetu ni mbuga, na bado tumuweke kwenye ngao?

Hapo nitakujibu kwa mfano wa Ebersberg. Mji huo umejichorea nguruwe mwitu anayepanda kilima, na nguruwe mwitu ndiye anayefukua mahindi ya Wabavaria mpaka leo. Tofauti ni kwamba huku mnyama huyo akiharibu shamba, wenye haki ya kuwinda eneo hilo ndio wanaolipa hasara. Mkulima akishapata pesa yake, hana neno na picha. Kwetu fomu ya fidia huzeeka kuliko mlalamikaji. Kwa hiyo katika baraza tangulizeni fidia, mchoraji afuate.

Jambo la mwisho ni la kiufundi, usilipuuze. Kwa kanuni, mnyama wa ngao hutazama upande wa kushoto wa mtazamaji. Mkiiweka ngao pia kwenye mabango ya barabarani, bango likiwakabili wanaotoka Nairobi kwenda Mombasa, tembo wetu atakuwa anaelekea Tsavo Mashariki, kwake. Likiwakabili wanaotoka Mombasa, atakuwa anaelekea moja kwa moja mashambani. Bahati nzuri kanuni inaruhusu kumgeuza mnyama kwa ajili ya heshima. Bango hilo la pili mgeuzeni, na kama mchoraji atadai nyongeza, mlipeni. Nitatuma.

Mpwa wako,
Bavaria