Barua ya Wazi kwa Kikao cha Kuyamaliza Nyumbani

Kwa Mwenyekiti wa Kikao cha Ukoo,
Chini ya Mwembe, Tanzania.

YAH: PONGEZI KWA HUDUMA YA KUYAMALIZA NYUMBANI

Kwa heshima na taadhima, barua hii inakipongeza Kikao kwa kuendesha, bila bajeti wala leseni, chombo cha haki kisicho na mpinzani, kwa kuwa shauri la kubakwa, ambalo kwa hakimu huchukua miezi, hapo chini ya mwembe humalizwa kwa alasiri moja na mbuzi akawa amechunwa kabla ya magharibi.

Ubakaji, kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, ni mwanamume kumwingilia mwanamke au msichana bila ridhaa, yaani bila kukubali kwake kwa hiari, au kwa ridhaa iliyopatikana kwa nguvu na vitisho. Na kwa aliye chini ya miaka 18 ridhaa haihesabiki kabisa, ingawa sheria hiyo, kwa aibu yake yenyewe, ilimwacha nje ya kinga hiyo mke mwenye miaka 15 na zaidi. Sheria inasema pia kwamba si lazima kuwepo majeraha ili kuthibitisha kuwa ridhaa haikuwepo. Kikao, ambacho elimu yake imewapita watunga sheria, bado kinauliza, "Mbona hakupiga kelele?", ilhali inajulikana kwamba mwili uliojaa hofu mara nyingi huganda na sauti ikakauka kooni. Mtoto wa kiume aliyelawitiwa, yaani aliyeingiliwa kinyume na maumbile, haulizwi hata hilo. Kwake Kikao huona haya hata kuketi.

Sifa ya pekee iende kwa kanuni ya akidi. Dawa za kukinga maambukizi ya VVU kwa aliyebakwa zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndivyo bora, kisha humezwa kwa siku 28. Lakini Kikao hakiwezi kuanza bila baba mdogo, na baba mdogo hupata nafasi ya basi Jumamosi. Tukio likiwa la Jumatatu usiku, saa hizo zinaisha Alhamisi usiku, hivyo wajumbe hufungua kikao kwa dua wakati dirisha la tiba limekwisha kufungwa. Kufikia hapo binti amekwisha kuogeshwa, khanga yake imefuliwa kwa sabuni na kuanikwa kambani, na ushahidi ambao daktari angeuandika katika PF3, yaani fomu ya polisi namba 3 inayoeleza alichokiona mwilini, umekwenda na maji.

Agenda zenyewe hupangwa kwa ustadi. Mtuhumiwa, ambaye mara nyingi ni jirani, mkwe au ndugu, hupewa kiti, naye binti huachwa chumba cha nyuma, pazia limeshushwa, akisikia bei yake ikipanda kutoka mbuzi mmoja hadi wawili na kreti ya soda. Mbuzi huliwa na wajumbe. Haijapata kusikika kwamba binti alipelekewa hata supu. Kanuni ya Adhabu, ambayo haina adabu kwa wazee, inahesabu kuwa kosa kupokea kitu ili kuficha kosa kubwa la jinai, kwa hiyo mnofu ule ungeweza kuwaketisha wajumbe kizimbani kando ya mgeni wao wa heshima.

Panapokosekana mbuzi, Kikao huozesha. Ufumbuzi huu wa kumkabidhi aliyeumizwa kwa aliyemuumiza, maisha yake yote, unastahili nishani, japokuwa Mahakama ya Rufani ilithibitisha mwaka 2019 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka Katiba.

Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 wenye umri wa miaka 13 hadi 24 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, hivyo wateja wa Kikao hawatakwisha kesho.

Ombi la barua hii ni moja: Kikao kiahirishwe hadi binti atoke hospitalini. Nguo zisifuliwe, zitiwe katika mfuko wa karatasi. Dawati la Jinsia na Watoto lipo katika vituo vya polisi, na baadhi ya hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako tiba, polisi na ushauri nasaha hupatikana mahali pamoja. Namba 116 ya msaada kwa mtoto hupigwa bure. Aliyebakwa hahitaji muhtasari wa Kikao ili apokelewe popote kati ya hapo.